Vyungu vya Mwenge, hivi ndo vyungu sasa

Jamani wapenda vyombo vya udongo, piteni Mwenge, Dar es Salaam, kwenye soko la vinyago, kuna mama wa Kikisi anauza vyungu vyake na vya nduguze wanaomtumia kutoka kule Ziwa Nyasa. Nimechukua chungu cha maharage na chetezo. Chungu ukikigonga na kucha kinalia ngii, yani kimeiva motoni sawasawa, ndani kimesuguliwa mpaka kinateleza na shingoni bado alama ya dole gumba inaonekana. Nikamuuliza kajifunzia wapi, akasema kwa bibi yake, na bibi akiona tu ukingo umepinda anakibomoa unaanza upya! Ndo maana kazi imenyooka hivi. Hata Magdalene Odundo wa Kenya, anayesifika dunia nzima kwa ufinyanzi, alikwenda Nigeria miaka ya 70 akajifunza kwa Ladi Kwali, yule mama aliyeko nyuma ya noti ya naira 20. Mwalimu ni kitu kikubwa sana kwenye hii kazi. Bei inaongeleka, ila mwambie akufungie magazeti ya kutosha kama unarudi na bodaboda, na kabla ya kupikia kiloweke usiku kucha.