Miaka mitatu nikiuza riwaya mtandaoni: hela inafika, hesabu siioni

Duka la mtandaoni ninalouzia nimelipatia nyota tatu kati ya tano. Silitaji jina kwa sababu riwaya zangu mbili bado zimo humo na ya tatu iko njiani, na pia kwa sababu wenzangu waliojichapishia kwenye maduka mengine wananisimulia mambo yale yale. Nyota mbili za kwanza ni za malipo: kwa miaka mitatu hela haijachelewa hata siku moja. Ya tatu ni ya wepesi wa kazi, maana unapakia faili jioni na kesho yake kitabu kiko sokoni, hakuna wa kumbembeleza. Mbili zilizobaki nimezizuia kwa ajili ya kitu kimoja tu, ripoti ya mauzo.

Mwanzoni sikuwa na shaka nayo. Nilikuwa naichungulia kama mtoto anavyomchungulia kuku anayeatamia: asubuhi, mchana, usiku kabla ya kulala. Mchoro ukipanda nachangamka, ukilala chini na mimi nanuna. Wazo la kuuliza namba zile zinatoka wapi halikunijia kabisa, mpaka siku kikundi kimoja cha wasomaji kilipochagua riwaya yangu ya pili iwe kitabu chao cha mwezi.

Kikundi kile kina watu 14. Mwenyekiti wao akaniandikia: "Mwandishi, tumeshanunua wote, jiandae kwa maswali." Nikakimbilia ukurasa wa ripoti. Nakala 8.

Nikangoja siku mbili, maana duka lenyewe linasema takwimu za siku ni za makadirio na huchelewa. Bado 8. Nikangoja wiki. Bado 8. Hapo nikafanya jambo ambalo mwandishi mwenye haya hafanyi: nikamwomba mwenyekiti awaulize wenzake, mmoja mmoja, walinunuaje na lini, na wenye risiti wanitumie.

Nilichokipata kilinifundisha kuliko maelekezo yote ya duka. Wawili hawakununua kabisa, waliazima kupitia ule mpango wa kulipia kila mwezi na kusoma utakavyo. Wao walisema "tumenunua" kwa sababu kwa msomaji hela imetoka, lakini kwangu hawahesabiki kama mauzo, wanaonekana kwenye jedwali jingine kama kurasa zilizosomwa. Mmoja aliagiza nakala ya karatasi. Nakala hizi huchapwa pale tu zinapoagizwa, na duka huziandika siku zinapotumwa, si siku mteja alipolipa, kwa hiyo yake ilikuwa bado. Mmoja aliona kwenye ukurasa ule ule wa kitabu changu muuzaji mwingine mwenye bei nafuu, akanunua kwake nakala iliyokwisha kutumika. Hiyo sina changu ndani yake, wala sistahili kuwa nacho, ila ilikuwa mara yangu ya kwanza kutambua kwamba duka moja linaweza kuuza kitabu chako kwa milango miwili. Mmoja alinunua, akakisoma, akakirudisha na kurudishiwa hela yake. Aliungama mwenyewe, tena akaomba radhi. Ile 8 niliyokuwa naitazama ilikuwa imeshatoa ya kwake. Ukurasa wa mbele huonyesha kinachobaki, na marejesho yamefichwa ndani, mibonyezo mitatu baadaye.

Jumlisha: 8, na waazimaji wawili, na wa karatasi, na wa mtumba, na mrudishaji. Wanakuwa 13.

Wa 14 ana risiti. Ina tarehe, saa, namba ya oda na jina la kitabu changu. Katika ripoti hayumo, na wala hakurudisha. Nikaandikia huduma kwa wateja, nikaambatisha picha ya risiti. Jibu la kwanza lilinieleza jinsi ripoti zinavyofanya kazi, kana kwamba sijui. La pili likasema ripoti zimehakikiwa na ziko sahihi. Nilipong'ang'ania, la tatu likasema kwamba kwa kulinda faragha ya wateja hawawezi kuzungumzia oda ya mtu. Msomaji mwenyewe akawaandikia kuwapa ruhusa. Yeye akajibiwa kwamba masuala ya mirabaha, yaani mgawo wa mwandishi katika kila nakala, ni kati ya duka na mwandishi. Tukabaki tunatazamana.

Kuna jambo lazima nilikiri hapa, kwa sababu mtu makini ameshaliona. Hesabu yangu inadhani kwamba zile 8 zote ni za kikundi, kwamba hakuna mgeni hata mmoja aliyenunua wiki ile. Sikuwa natangaza popote, kwa hiyo inawezekana. Lakini kama wageni wawili walipita wakanunua, basi kilichopotea si nakala moja, ni tatu. Mimi sina njia ya kujua. Ripoti inasema idadi, haisemi ni oda zipi.

Sisemi duka linaiba. Kati ya watu sita walioonekana kukosekana, watano walikuwa na sababu halali kabisa, na nawasihi waandishi wanaopiga kelele za wizi kila grafu inapolala wapite kwanza njia niliyopita mimi. Wengine hutazama nafasi ya kitabu kwenye orodha ya wauzwao sana. Ikipanda bila mauzo kuonekana, wanapandisha jazba. Kuazimwa nako kunaweza kupandisha nafasi hiyo. Huo si ushahidi wa kitu.

Ninachosema ni hiki: anayeuza, anayepokea hela, anayeandika daftari na anayelikagua ni mtu mmoja. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hapa tunasikia mlio tu, ngozi yenyewe hatuioni. Mwandishi aliyechapishwa na kampuni ya uchapishaji mara nyingi huwa na kifungu kwenye mkataba kinachomruhusu kupeleka mhasibu wake akague vitabu vya hesabu. Mimi nilibofya "Nakubali" kwenye masharti marefu kuliko sura yangu ya kwanza, na haki ya aina hiyo haimo. Vitabu vya karatasi angalau kuna watu wa nje wanaovihesabu: kule Marekani, huduma ya takwimu iitwayo BookScan inakusanya mauzo ya kaunta tangu 2001. Kwa kitabu pepe, neno la duka ndilo la kwanza na la mwisho.

Kama mtu anadhani nakuza mambo, akumbuke yaliyowapata waandishi wa vitabu vya sauti mwaka 2020. Audible, duka la vitabu vya sauti la Amazon, ilikuwa inawaruhusu wanachama kurudisha kitabu hata baada ya miezi mingi, na kila kilichorudishwa mrabaha wake ulikatwa kutoka kwa mwandishi. Ripoti zilionyesha mauzo baada ya kutoa marejesho, kwa hiyo waandishi hawakuona kitu. Mwezi Oktoba hitilafu kwenye mfumo ikamwaga marejesho ya wiki kadhaa kwa mkupuo mmoja, watu wakakuta idadi yao ya mauzo imeingia chini ya sifuri. Hapo ndipo wengi walipoelewa. Zogo lilikuwa kubwa, vyama vya waandishi vikaingilia, na kuanzia Januari 1, 2021 Audible ikaanza kulipa mrabaha kwa kitabu chochote kilichorudishwa baada ya siku saba tangu kununuliwa. Kilichonikaa kichwani ni kwamba walijua kwa bahati, kwa sababu mashine ilikosea.

Sasa mirabaha. Kila mtu husikia "asilimia 70" akadhani atapata saba katika kila kumi. Mimi nilidhani hivyo. Asilimia hiyo mara nyingi ina masharti, na masharti hutofautiana kutoka duka hadi duka. Chukua ya Amazon, kwa kuwa imeandikwa wazi: kwenye duka lao la Marekani, kitabu pepe cha bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kuingia kwenye asilimia 70. Nje ya hapo ni 35. Yaani ukipunguza senti moja tu ukauza kwa 2.98, mgawo wako unatoka kama dola 2.09 na kuporomoka hadi 1.04. Na kwenye hiyo 70 wanakata kwanza gharama ya kupeleka faili, dola 0.15 kwa kila megabaiti. Riwaya ya maneno matupu haitaisikia. Kitabu chenye picha nyingi kitaumia. Duka langu nalo lina makato yake ya namna hiyo, na mimi nilikuwa nimepamba kila sura kwa mchoro mdogo mzuri ambao, nilikuja kugundua, ulikuwa unakula mrabaha wangu kimyakimya. Nikaipunguza ile michoro uzito, hakuna msomaji aliyelalamika.

Halafu kuna bei inayobadilika bila wewe kuulizwa. Duka likiona kitabu chako kinauzwa nafuu kwingine, linashusha bei yake ilingane, na mrabaha unahesabiwa kwa ile bei mpya. Mimi nilikuwa na ofa ya wiki moja kwenye duka jingine; ofa ikaisha, bei ya huku ikabaki chini wiki tatu zaidi. Nilijua kwa kuona mrabaha wa nakala moja umepungua, si kwa kuarifiwa.

Upande wa kuazimwa ndio wenye giza zaidi. Mipango mingi ya usajili hailipi kwa kitabu bali kwa kiasi kilichosomwa. Amazon ilihamia kwenye kulipa kwa ukurasa Julai 2015: mfuko mmoja wa hela kila mwezi, unagawanywa kwa kurasa zote zilizosomwa duniani, ukurasa mmoja ukitoka na karibu nusu senti ya dola. Unasoma idadi ya kurasa zako leo, thamani yake unaijua mwezi ujao. Na kipimo chenyewe kilikuwa na tundu, maana mfumo uliangalia msomaji amefika wapi, si amepita wapi. Matapeli wakatengeneza vitabu vya maelfu ya kurasa vyenye kiungo mwanzoni kinachokurusha mpaka mwisho, na kurasa zote za katikati zikahesabiwa kuwa zimesomwa. Februari 2016 kikawekwa kikomo cha kurasa 3,000 kwa kitabu. Kwa kuwa mfuko ni mmoja, kila alichochota tapeli kilitoka kwenye mgawo wa waandishi wengine. Duka langu halijaeleza popote linahesabuje ukurasa. Nimeuliza mara mbili.

Kuhusu malipo yenyewe sina ugomvi, ila jiandae kisaikolojia. Mauzo ya mwezi huu yanalipwa baada ya takriban miezi miwili. Kinachofika si kile ulichokiona: kimepita kwenye kodi ya zuio, kwenye kubadilisha fedha, na kwenye ada ya benki. Fomu ya kodi ijaze siku ya kwanza kabisa, kwa utulivu. Mimi niliiruka sehemu moja nikakatwa kiwango cha juu kwa miezi mitano, na hilo ni kosa langu, duka halihusiki. Kinachokera ni kwamba ripoti ziko tatu, ya siku, ya mwezi na ya malipo, na kila moja ina jumla yake. Kuzioanisha inanichukua alasiri nzima na kikombe cha pili cha chai.

Mali bila daftari hupotea bila habari, basi nikafungua daftari langu. Kila tarehe mosi napakua ripoti zote tatu na kuzihifadhi kama zilivyo, kwa sababu nimewahi kuona takwimu ya mwezi uliopita ikibadilika bila maelezo. Kila baada ya miezi mitatu nanunua nakala yangu mwenyewe kutoka akaunti ya ndugu na kuangalia inachukua muda gani kuonekana. Majaribio manane mpaka sasa, yote manane yameonekana, ya haraka ndani ya saa chache, ya polepole siku mbili. Nimeliandika hilo pia, kwa haki ya duka. Na riwaya ya kwanza naiuza moja kwa moja kwenye tovuti yangu. Mauzo ni machache mno kulinganisha na ya dukani, lakini kila nakala ina risiti ambayo nami ninayo.

Ningeongeza nyota ya nne siku ambayo ripoti itatoa, kwa kila nakala, namba moja isiyo na jina la mteja wala anwani, ile ile iliyopo kwenye risiti yake. Faragha ya mtu haiguswi. Msomaji akinitumia risiti, naitafuta namba, ipo au haipo. Mifumo yao inayo namba hizo tayari, la sivyo wasingeweza kumrudishia mteja hela yake. Nimeliandika pendekezo hili kwenye fomu ya maoni na kupewa ujumbe wa shukrani.

Riwaya ya tatu nitaipeleka huko huko mwezi ujao, maana wasomaji wako huko. Kwenye daftari langu, mwezi ule wa kikundi, kuna mistari 14. Kumi na mitatu nimeiwekea alama. Wa mwisho una tarehe, saa na namba ya oda, na safu ya mrabaha bado iko wazi.