Tahadhari: ekzosi za "titani" zinazouzwa mtandaoni hapa Unguja, ndani zimejazwa usumba wa nazi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika haya nikiwa na uchungu, lakini zaidi nina khofu, kwa sababu kitu hichi kinauzwa mpaka leo na wapo vijana wanaokifunga majumbani mwao bila ya kujua kilichomo ndani. Yangu mimi iliwaka moto njiani. Nilikuwa peke yangu, alhamdulillahi. Siku mbili kabla yake nilimpakia mwanangu nyuma kumpeleka chuoni, na mguu wake ulikuwa pale pale.

Mimi ni mtu wa Jambiani, nachukua pweza na samaki pwani napeleka mjini na pikipiki ya 125. Wenye pikipiki huku kwetu wanajua kuwa ekzosi ndiyo inayokufa mwanzo. Nje inaliwa na chumvi ya bahari, na ndani inaliwa na maji, maana petroli ikiungua hutoa mvuke, na safari zikiwa fupi ule mvuke haupati moto wa kutosha kukauka. Unatulia chini ya silensa na kulila bati taratibu. Yangu ilikuwa imeshachomelewa mara mbili. Mara ya tatu fundi aliigonga kwa bisibisi, ikaingia kama inaingia kwenye embe bivu. Akanambia, "Kaka, hapa sina pa kushika. Tafuta nyengine."

Ndipo nikaliona tangazo. Picha ya silensa yenye rangi za buluu na zambarau, imewekwa juu ya mkeka wenye ukingo mwekundu, na nyuma ya mkeka kuna sakafu ya vigae, kigae kimoja kimevunjika pembeni. Ishikeni vizuri picha hiyo, nitairudia. Maneno yake: titani asilia, haishiki kutu maisha, inaingia pikipiki zote, unafunga mwenyewe nyumbani kwa nusu saa. Bei shilingi 185,000. Duka, anasema muuzaji, lipo Mlandege, mjini.

Nikamwambia kesho nipo mjini, nitapita nione. Hapo ndipo ningestuka. Akanijibu, "Sheikh wangu, mzigo ndo kwanza unashuka Malindi, zimebaki mbili tu na moja nshamuekea mtu. Nitumie pesa nkuekee, ntakutilia kwenye gari ya Jambiani, 309, ikufike mlangoni." Nikamuuliza nitajuaje kama ni titani, yale madini mepesi yasiyoshika kutu wala sumaku. Akanitumia video: mkono unapitisha sumaku kwenye silensa, sumaku haishiki. Nikaridhika. Nilipotuma pesa kwa simu, jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, wala halifanani na lile la kwenye tangazo. Akasema ni la mkewe, laini yake ina matatizo. Nikathibitisha malipo, 185,000 zikaenda.

Mzigo ulifika kweli, siku ya pili jioni, umezongwa gazeti na utepe wa gundi. Nasema hivi kwa sababu wengi tumezoea kuwa tapeli ni yule anayekula pesa na kupotea. Huyu anakuletea kitu. Ukikishika kinang'ara, na kwa hivyo unakuwa huna shaka tena mpaka umeshakifunga.

Kazi ya kufunga naijua, si mara yangu ya mwanzo. Nati mbili za kwenye mdomo wa injini nilizitia mafuta tangu usiku ili zilainike, maana ukizilazimisha bolti inakatikia ndani na hapo umeshajitia gharama nyengine. Asubuhi spana namba 10, zikatoka. Pete ya zamani nikaitoa, nikatia mpya ya shaba, maana ile ikishabanwa mara moja haizibi tena sawasawa. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda vizuri.

Tatizo lilianza kwenye kuunganisha. "Inaingia pikipiki zote" maana yake ni kwamba haikutengenezewa pikipiki yoyote. Mdomo wa silensa yake ulikuwa milimita 51, bomba langu halifiki hata 32. Ndani ya kifurushi mlikuwa na pete ya kupunguzia, nayo inacheza. Nikaibana kwa klipu mbili, lakini ukiweka kiganja karibu unasikia pumzi ya moto inatoka. Nikaiwasha. Kila nikiachia mafuta inapiga risasi, pa, pa. Sauti ilikuwa kali hata nikaona haya kupita mbele ya msikiti. Nilipotoa plagi kuiangalia ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya kuwa injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Ekzosi ikiwa wazi kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, kabureta nayo inataka jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kubwa kidogo, la sivyo injini inachemka. Hilo muuzaji wa kweli angeniambia tangu mwanzo. Huyu aliniambia nusu saa tu.

Siku ya tatu nimetoka Jambiani alfajiri na ndoo mbili za pweza. Nimepita Kitogani, nimeingia msitu wa Jozani, pale penye matuta ya kuwalinda kima punju, nikapunguza mwendo. Gari iliyokuwa nyuma yangu ikanipigia honi mfululizo. Utingo katoa kichwa dirishani anapiga kelele, "Moshi! Moshi, ndugu, shuka!" Nikatazama chini, mdomo wa silensa unatoa moshi mzito wa rangi ya maziwa, na pale kwenye klipu ndimi za moto zinatoka. Kifuniko cha plastiki cha ubavuni kilishaanza kulegea na kudondoka kama nta. Tangi la petroli liko wapi kwenye pikipiki, mnajua wenyewe. Nikaruka. Mimi na yule utingo tukawa tunachota mchanga wa kando ya barabara kwa mikono tunamwagia mpaka ukazima.

Na hapo ndipo niliposikia harufu. Si harufu ya mafuta wala ya mpira. Ilikuwa harufu ya makumbi ya nazi yanapoungua. Nimekulia ndani ya harufu ile.

Nikaisukuma mpaka kwa fundi, tukaikata kwa grenda mbele ya watu wanne. Silensa ya aina ile, kati ya bomba la ndani lenye matundu na gamba la nje, hujazwa pamba ya nyuzi za kioo, kwa sababu moshi wa injini unatoka na joto la digrii mia kadhaa na kioo kinalistahamili. Yetu ilipofunguka ikamwaga majivu meusi, na huko mwisho, ambako moto haujafika, usumba mtupu. Usumba wa nazi, wa kujazia magodoro, ndani ya ekzosi.

Nilichukua fungu dogo nikampelekea mama yangu. Yeye ameupiga usumba miaka na miaka, kufukia makumbi mchangani pwani, kungoja miezi, kufukua, kupiga kwa gongo. Hakuniuliza kitu. Aliuweka juu ya paja akausokota mara moja kwa kiganja, akaufumua, akasema, "Huu haukupigwa ukasafika, mwanangu, umejaa chenga. Kaupata kwa rahisi huyu." Basi mpaka usumba wenyewe alitafuta ule wa kutupwa.

Gamba la nje je? Zile rangi za buluu na zambarau nilizikwangua kwa ukucha, zikabanduka. Stika. Titani hupata rangi zile kweli, lakini ni kwa joto kupiga juu ya madini yenyewe, na ukucha hauziondoi. Chini ya stika ni bati jeusi la kawaida, na kutu imeshaanza kwenye mshono. Ile sumaku ya kwenye video? Kifuniko cha mwisho ni cha alumini, na sumaku haishiki alumini. Alipitisha pale tu, mkono wake umeziba sehemu iliyobaki.

Nikampigia. Mwanzo "sheikh wangu, pole sana". Nilipomwambia nimeikata na nimeona kilichomo, akabadilika: umefunga vibaya wewe, umeharibu kitu cha watu. Baadae akarudi na sauti ya upole, akasema atanibadilishia, nimtumie 20,000 ya kusafirishia. Nikatuma, nikitaraji angalau nipunguze hasara. Toka siku hiyo namba yangu kaifunga, na lile tangazo limetoweka.

Wiki moja baadae nimekutana na picha ile ile, mkeka ule ule wenye ukingo mwekundu, kigae kile kile kilichovunjika, kwa jina jengine. Safari hii duka linasemwa liko Mwanakwerekwe. Nimewasiliana na watu walioandika chini ya tangazo kabla maneno yao hayajafutwa. Kijana mmoja wa Chake Chake, anaendesha bodaboda, alilipa pesa yote, akaambiwa mzigo unakuja na boti mpaka Mkoani. Kaenda bandarini mara tatu. Hakuna kitu. Mama mmoja wa Wete alimnunulia mwanawe kwa pesa ya mchezo wa kutunzana. Yeye alipata, na kwa bahati mwanawe aliitikisa akasikia kinachogonga ndani, hakuifunga. Mama yule aliponipigia alikuwa analia, na mie sikuwa na la kumwambia ila asiifunge asilani.

Sasa, sisemi watu wasibadilishe ekzosi nyumbani. Mwenye spana na subira anaweza, na kwa sisi wa mwambao stenlesi nzuri ni akiba ya miaka. Ila usitoe pesa kabla hujaishika kwa mikono yako. Nenda na sumaku, ipitishe gamba lote, mshono na shingo, si kifuniko tu. Lakini pia sumaku pekee isikudanganye: zipo stenlesi za kweli ambazo sumaku inazishika, na viwanda vingi vinazitumia kwenye ekzosi. Ukiambiwa titani, basi ipime. Chuma kina gramu karibu 7.8 kwa kila sentimita moja ya ujazo, titani 4.5 tu, kwa hivyo silensa mbili za umbo na unene mmoja, ya chuma itakaribia kuwa na uzito mara mbili ya ile ya titani. Mizani ya samaki inatosha. Mulika tochi mdomoni uangalie bomba la matundu. Ingiza waya mwembamba kwenye tundu, vuta uzi mmoja, uuchome kwa kiberiti. Uzi wa kioo hauwaki. Muuzaji akikukatalia hilo, ondoka.

Na upime bomba lako kwanza, kwa milimita, uende na kipimo mkononi. Anayekwambia inaingia zote hajali kama itaingia yako.

Kwa walioshaibiwa: msifute mazungumzo, wala ujumbe wa malipo. Mimi nimekwenda kituo cha polisi na karatasi zote pamoja na silensa iliyokatwa, nimefungua jalada, na askari aliyenipokea alinisikiliza vizuri. Namba ya simu ya utapeli unaweza kuiripoti kwa ujumbe kwenda 15040, haina gharama kubwa zaidi ya dakika mbili zako. Tume ya ushindani halali wa biashara ya Zanzibar nayo inapokea malalamiko ya wateja. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 inafanya kazi huku kwetu kama inavyofanya kazi Bara, kwa hivyo asikutishe mtu kwamba biashara ya simu haina kesi. Tukiwa watano wenye jalada ni tofauti na mmoja.

Jina lake siliandiki hapa, kwa sababu sina hakika kama hata moja kati ya hayo anayoyatumia ni lake, na sitaki kumchafua mtu asiyehusika. Itazameni picha. Mkeka, ukingo mwekundu, kigae kilichovunjika pembe ya kushoto. Ukiiona, popote, kwa jina lolote, piga picha ya kioo cha simu unitumie, nitaipeleka kwenye jalada.

Kipande kilichobaki kiko kwa fundi hapa Jambiani, usumba bado umo ndani upande mmoja. Anayetaka kuja kukiona kwa macho yake aje, tumekubaliana na fundi hatokitupa. Jana baada ya Isha nimeliona tangazo tena. Bei imeshushwa, sasa ni 150,000, na maandishi yanasema zimebaki mbili.