Programu ya kuchelewesha sauti kwa sisi wenye kigugumizi: uzoefu wangu

Nauza vipuri vya magari Gerezani, Dar es Salaam, na nusu ya kazi ni simu. Fundi wa mkoani anapiga, namtajia bei, analipa, mzigo unapanda basi. Kigugumizi ninacho tangu utotoni. Dukani hakinisumbui sana, maana mteja ananiona navyopigana na neno, anasubiri. Kwenye simu haoni kitu. Nikikwama kwenye B ya "brekipedi" yeye anasikia kimya tu: "Haloo? Haloo? Aa, mtandao huu!" Anakata, na pengine anampigia jirani yangu.

Ndipo nikapakua programu hii. Unavaa hedifoni, unaongea, na sauti yako inakurudia masikioni ikiwa imechelewa kidogo. Mimi nimeiweka milisekunde 60 hivi. Wengi wetu hatukwami tukiimba au tukisoma pamoja na wengine. Madrasa nilikuwa nasoma na wenzangu bila taabu, balaa likaja mwalimu akisema "haya, wewe peke yako". Sasa ile sauti inayochelewa inakupa mtu wa kusoma naye.

Kwa asiye na kigugumizi mambo hugeuka. Mmarekani Bernard Lee alilieleza hilo mwaka 1950, nami nikalijaribu kwa kijana wetu wa dukani, ambaye anaongea kama cherehani. Nikampandishia hadi milisekunde 200, nikamwambia ataje vitu vya kwenye rafu. Kufika shokapu ulimi ukagoma: "sho-sho-shoka..." Akazing'oa hedifoni na kunikata jicho. Nilicheka, sitasema uongo.

Inaponifaa kweli ni kwenye kusoma kwa sauti na maelezo marefu. Najikuta navuta irabu, mwendo unatulia, na neno linalofuata haliji na vitisho. Kwenye kikao cha harusi nilipewa kazi ya kusoma orodha ya michango, ahadi na taslimu, majina kibao. Nikachomeka hedifoni sikio moja, nikasoma hadi mwisho. Nilikwama hapa na pale, lakini hakuna aliyelazimika kunipokea karatasi.

Sasa kasoro, na ya kwanza ndiyo kubwa. Programu inarudisha sauti iliyokwisha kutoka. Kigugumizi changu kibaya ni kile cha kimya: midomo imefunga, pumzi imesimama, hakuna kilichotoka. Hapo itarudisha nini? Jina langu linaanza na B, na jina halina mbadala. "Belti" naweza kuikwepa nikasema "ule mkanda wa injini". Nikiulizwa naongea na nani, sina pa kukimbilia.

Pili, hedifoni za bluetooth zina ucheleweshaji wake, unajumlika na wa programu na kuharibu hesabu yote. Tumia za waya. Tatu, kelele. Maikrofoni haichagui, kwa hiyo nyundo za mafundi wa nje nazo zinarudi masikioni. Halafu masikio huzoea. Ile nafuu ya mwanzoni kwangu imepungua. Siku hizi naivaa kwa kazi maalumu tu.

Na kwenye simu, nilikoitaka hasa? Ukipiga, simu yangu inachukua maikrofoni na programu inanyamaza. Nalazimika kuwa na simu mbili, moja ya programu sikio hili, nyingine ya mteja sikio lile. Jaribu hivyo huku unatafuta bush ya Noah kwenye boksi la juu.

Kipo kifaa cha kuvaa sikioni kinachotumia mbinu hiyohiyo, SpeechEasy, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 2001. Bei yake ni maelfu ya dola. Kabla hujafikiria kuchangisha ukoo, jaribu programu kwanza uone kama sikio lako linaitikia, maana kuna wasiopata nafuu yoyote. Tena isiuzwe kama dawa. Ukiivua, kigugumizi kipo palepale.

Kwa ile B ya kwanza, kinachonisaidia ni kutoa pumzi kidogo kabla ya kufunga midomo, na kumwambia mteja mapema: "Bosi, nina kigugumizi, usikate." Mafundi wengi hujibu "poa, chukua muda wako."

Naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne wataipata siku itakayofanya kazi nikiwa napiga simu.