Viko vitatu na makopo manne mezani: naanza na tundu, jina baadaye

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu. Karibuni tena Isevya, hapa Tabora, chini ya mwembe wangu uleule. Leo mezani nina viko vitatu na makopo manne ya tumbaku. Vyote nimenunua kwa fedha yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma kumsifia biashara yake.

Kwanza niseme hili. Kama hujafika miaka 18, video hii si yako, na sheria yetu ya 2003 inakataza kukuuzia tumbaku. Wakubwa nanyi mjue: kiko kinaleta saratani ya mdomo na ya koo, hata kama moshi huushushi kifuani. Mimi sivuti ndani ya nyumba, na wajukuu zangu hawasogei meza hii ikiwa na moto. Asiyevuta asianze kwa ajili yangu. Nazungumza na yule ambaye kiko anacho tayari na kinamsumbua.

Swali mnaloniletea kila wiki ni lile lile: mzee, ninunue kiko gani? Kabla sijataja hata kimoja, tazameni mkono wangu. Hiki ni kijiti cha kusafishia, waya laini uliozungushiwa nyuzi za pamba. Nakiingiza kwenye mdomo wa kiko, hivi. Kinapita shingoni, polepole. Sasa chungulieni ndani ya bakuli. Mmeiona ncha? Imetokea chini kabisa, katikati. Hiki ni kiko. Tundu likitoboka juu ya sakafu ya bakuli, tumbaku ya chini haifikiwi na hewa, inalowa, maji yanakusanyika, na kiko kinaanza kukoroma kama mtoto mwenye mafua.

Niliwahi kuagiza kiko mtandaoni kwa muuzaji mmoja wa nje. Picha zake zilikuwa zinang'aa, mti una mistari mizuri kama maji ya ziwa. Kilipofika nikaingiza kijiti, kikagoma shingoni. Nikasukuma, kikatokea ubavuni mwa bakuli, upana wa kidole kutoka sakafuni. Nikamwandikia, akanyamaza. Nimekivuta miezi mitatu kwa sababu ya uchungu wa fedha yangu, na kila siku maji ya tumbaku yalikuwa yananiteleza mdomoni. Ndiyo maana sasa naomba picha ya bakuli kwa juu, kijiti kikiwa ndani. Muuzaji asiyetaka kuipiga, naachana naye.

Haya, viko vyenyewe. Hiki cha kwanza ni cha gunzi la mahindi, ndiyo, gunzi hili hili mnalolijua. Kinatoka kampuni ya Missouri Meerschaum, mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani. Wanavitengeneza tangu 1869. Gunzi lao ni la mahindi ya aina yake, gumu, na linakaushwa muda mrefu kabla ya kuchongwa. Ni chepesi, unaweza kukishika kwa meno ukapalilia bustani nzima. Hakihitaji kuzoeshwa, na bei yake ni ya chini kuliko vyote hapa. Anayeanza upya baada ya kuchoshwa na kiko kibovu, namwambia achukue hiki, na fedha inayobaki anunulie tumbaku nzuri. Ubaya wake ni sakafu: ukivuta kwa pupa inaungua.

Cha pili ni cha briari. Briari ni kichaka cha nchi za Mediterania, na kinachochongwa ni lile fundo linaloota kati ya shina na mizizi. Fundo linachemshwa, linakaushwa miezi mingi, ndipo linatobolewa. Halishiki moto kirahisi na linanyonya unyevu. Changu ni cha Savinelli wa Italia. Mara kumi za mwanzo nilijaza nusu bakuli tu, mpaka ndani kukapata ganda jembamba la masizi. Ganda hilo lisizidi unene wa sarafu, likizidi linapasua mti. Na kiko cha briari kikishavutwa leo, kipumzike kesho.

Cha tatu ndicho kinachonigusa. Nilikipata kwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Geuzeni macho hapa, mnaona alama ya tembo? Hiki ni kiko cha Arusha, kilitengenezwa na Tanganyika Meerschaum Corporation, na jina lake la biashara lilikuwa neno letu wenyewe: Kiko. Jiwe lake, linaloitwa meerschaum, lilitoka bonde la Amboseli, upande wa kwetu ni Sinya, Longido. Dunia nzima inasifu jiwe la Eskişehir kule Uturuki, na ni kweli ni jeupe na jepesi kuliko hili. Lakini moshi wa hiki ni mkavu na wa baridi, na hakibaki na ladha ya tumbaku ya jana. Kimoja tu: kikianguka, kimekwenda. Na masizi ndani usiyaache yajenge ganda, pangusa kila mara. Inaniuma kwamba vijana wengi wa Tanzania hawajui tuliwahi kuuza viko duniani.

Sasa tumbaku. Sisi wa Tabora jani tunalijua zaidi likiwa shambani. Nimelala mlangoni mwa bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, huko Urambo misimu mingi, nikichochea kuni usiku na kutazama kipimajoto. Jani la mvuke, ambalo makopo yanaliita Virginia, linaanza kwa nyuzi 35 hadi 40 mpaka ligeuke njano. Hapo wanga ndani ya jani unakuwa sukari. Kisha unapandisha moto kidogo kidogo mpaka nyuzi 70 na ushee, mshipa wa katikati ukauke, ukiuvunja unalia ka! Ni kazi ya karibu wiki nzima, na kuni zake ni miombo yetu inayopungua. Sukari inabaki imefungiwa ndani. Ndiyo sababu Virginia ni tamu, na ndiyo sababu ukiivuta harakaharaka inatoa mvuke wa moto unaobabua ulimi.

Burley, tumbaku ya hewa, inaning'inizwa kivulini wiki kadhaa. Jani linakufa polepole na linamaliza sukari yake lenyewe. Ladha yake ni kama karanga zilizokaangwa, na ulimi unapumzika. Kopo hili la tatu lina Latakia ya Kupro, jani lililofukizwa moshi wa kuni. Mliofika Songea mkaingia ghala la tumbaku ya moshi mtaielewa harufu hii, ingawa ya Kupro ni laini zaidi. La nne lina vanila. Majirani wanaisifu harufu yake, mimi siimalizi: imewekewa vitu vya kuifanya isikauke, na inalowesha kiko chochote.

Mnaoniandikia kutoka Kaliua mkiuliza kwa nini msikate jani la bani mkajaza kiko: nilifanya hivyo. Jani zuri, rangi ya chungwa. Lilinikwangua koo siku mbili. Jani likitoka bani bado kali; viwandani linalazwa mwaka au zaidi, linachanganywa, linakandamizwa kwa joto, ndipo linapoa.

Kopo nililolichagua leo ni Full Virginia Flake ya Samuel Gawith wa Uingereza. Ni vipande vyeusi vilivyoshindiliwa, na vinatoka vimelowa mno. Wengi wanaolilaumu kopo hili wamelivuta likiwa na maji. Angalieni: nakisugua kipande kiganjani, nakibana, naachia. Limebaki donge. Bado. Lile lililoko juu ya gazeti nililianika kabla sijawasha kamera. Agosti hii hewa yetu kavu, nusu saa inatosha. Januari naacha saa mbili. Nalibana... naachia... linafunguka taratibu. Hapa sasa.

Najaza bila kushindilia. Njiti ya kwanza, linavimba, nalibonyeza kidogo. Njiti ya pili. Navuta kama mtu anayeonja uji wa moto. Sogezeni masikio karibu na simu. Mnasikia? Hakikoromi.