Fundi wa Mbuyuni aliyeifufua simu yangu baada ya kuzama kwenye mbege

Naandika hii kwa simu ileile, kwahiyo mjue kabisa habari inaishia wapi. Tarehe 27 Desemba tulikuwa Kibosho nyumbani, huku mlimani juu ya Moshi, wote tumepanda kama kawaida ya mwisho wa mwaka, shangazi anagawa mbege, pombe yetu ya Kichagga, na mimi niko bize namrekodi babu anacheza, nikanyoosha mkono kupokea kata, simu ikachomoka ikaingia kwenye ndoo. Sio maji jamani, mbege! Ndizi mbivu zilizochemshwa, ulezi na gome la mti wa msesewe, zito lile la siku ya tatu. Ikazama kabisa, shangazi akawa anaitafuta kwa kata huku anacheka, "hii imelewa kabla yako mwanangu".

Sasa kosa langu la kwanza ni kwamba ilitoka bado inawaka. Nikaifuta na khanga nikajiona nina bahati, nikaendelea kupiga picha. Nusu saa haikuisha kioo kikaanza kumetameta, tachi inajibonyeza yenyewe, ndo nikazima. Binamu akasema mchele, basi nikaizika kwenye mchele wa shangazi usiku kucha, asubuhi nikaichomoa nikaona kavu nikaichomeka kwenye chaji. Ikapata moto kama pasi, kikaja kiharufu, giza.

Nikashuka Moshi mjini. Fundi wa kwanza simtaji, hata hakufungua, aliangalia tundu la chaji kwa tochi akasema bodi imekufa, laki na themanini, acha simu urudi wiki ijayo. Nikaondoka. Jirani yetu Majengo ndo akanielekeza kwa huyu wa maeneo ya Mbuyuni, kibanda chenyewe kidogo, ukiwa na haraka unapita bila kukiona.

Kitu cha kwanza alichoniuliza sio hela, ni "dada yangu, imeingia maji gani?" Nikaona aibu kusema. Nikasema mbege, dogo wake akaangua kicheko, ila fundi hakucheka, akasema bora umesema, kwasababu maji ya bomba anayaosha namna yake ila kitu cha sukari kikikauka kinakuwa gundi, halafu mbege ni chachu, ule uchachu unakula shaba. Akauliza tena, umechaji? Nikakubali. Hapo ndo akasikitika, akasema maji yenyewe yangengoja, ila ukipeleka umeme kwenye bodi mbichi unaharakisha kutu, kazi ya wiki inafanyika kwa dakika.

Akafungua mbele yangu. Hiki ndo nilikipenda kuliko vyote, mafundi wengi wanapeleka simu nyuma ya pazia. Akapasha mgongo kidogo, akapitisha kipande cha plastiki kuzunguka, skrubu, kisha kabla ya chochote akachomoa waya wa betri. Akanionyesha kile kistika kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikilowa, changu kilikuwa chekundu kama nyanya, akasema ndo maana hata ukipeleka dukani na waranti yako watakurudisha. Halafu akaniweka kwenye darubini yake, aisee! Pembeni ya soketi ya chaji kuna unga mweupe na ukijani, pini moja imeliwa mpaka imebaki kijiti, na kwenye tundu la maiki kuna kipande cha ulezi kimekaa pale kama kimepangishwa.

Nikamuuliza kuhusu mchele. Akasema mchele unanyonya unyevu wa juujuu tu, yale yaliyoingia chini ya vile vidude vyeusi vya kwenye bodi haufiki, na unakuachia vumbi la wanga kwenye matundu. Nilivyorudi nyumbani nikasoma kumbe hata Apple mwaka 2024 waliwaambia watu wasiziweke iPhone kwenye mchele kwasababu chembechembe zake zinaweza kuziharibu. Na mimi nilimharibia shangazi kilo mbili, hakuna aliyetaka kuupika.

Kuosha kwenyewe kulikuwa hivi. Bodi peke yake, betri kando, kioo kando, kamera kando. Akaanza na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri za gari (sio asidi, akasisitiza, kuna mtu alishakosea chupa), ili sukari iyeyuke kwanza. Kisha mswaki laini na spiriti ya asilimia 99, akasema ile ya duka la dawa ni ya asilimia 70, inayobaki yote ni maji, sasa unatoa maji kwa maji? Akaitumbukiza kwenye kimashine kama beseni dogo kinachotetemeka na kutoa mlio wa mbu, dakika chache, akatoa, akapiga mswaki tena, akairudisha. Dryer ya nywele hagusi, anasema upepo wa moto unasukuma maji ndani zaidi na unalegeza gundi. Akaiacha ikauke taratibu.

Hapa sasa na malalamiko yangu. Aliniambia saa kumi jioni, nikafika saa kumi, hajagusa soketi mpya, nikakaa kwenye benchi mpaka saa kumi na mbili nasikiliza singeli sauti ya juu kabisa, mwisho akasema njoo kesho. Kesho yake ikawa saa tano hadi saa nane. Risiti hakuna, ni daftari la shule lenye majina na namba. Ila kwa haki aliniazima kiswaswadu (kisimu cha vitufe) niweke laini yangu ili hela na simu za nyumbani zisinipite, na hicho sijawahi kufanyiwa na duka lolote hata lile lenye kiyoyozi.

Ilipowaka nikataka nimpigie mama pale pale, akanizuia, "toa picha kwanza dada, simu ya mama baadaye". Anasema simu iliyolowa inaweza kuwaka leo ikafa baada ya wiki mbili kama kuna kutu imejificha, kwahiyo saa ya kwanza ni ya kuhamisha vitu vyako. Nikahamisha kila kitu pale pale kwenye benchi, na video ya babu ipo, inakatika tu pale simu inapoingia kwenye ndoo, kinasikika "mamaaa" halafu bulububulu.

Bei: kuosha elfu 35, soketi ya chaji elfu 12, nikalia lia tukamaliza 45. Betri aliipima kwa mita akasema sawa ila nikiona mgongo unainuka nisichaji tena, nimrudishie haraka. Na akanionya bila kuulizwa kwamba ile gundi ya kuzuia maji imeshatoka, hata kama boksi liliandikwa IP ngapi (ile alama ya simu inahimili maji kiasi gani), sasa hivi mvua ya Moshi ni adui. (Na hizo IP wanapimia maji safi, hakuna aliyepima kwa mbege.)

Leo ni wiki ya tano. Chaji inaingia vizuri, kamera safi, ila spika ya chini imebaki na sauti ya mtu mwenye mafua, amesema wavu wake umeganda sukari na ameagiza mwingine. Nampa nyota nne, ya tano nimeishikilia mpaka hiyo spika ifike. Na simu ikipata joto, ukiisogeza puani, bado inanukia Kibosho.