Uzoefu wangu na Ren'Py: he, she na ngeli zetu

Tangu mwaka jana natumia Ren'Py, programu ya kutengenezea gemu za hadithi, hapa Moshi, kutengeneza gemu ya mpagazi anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Mchezaji anachagua kuwa msichana au mvulana. Kwa Kiswahili hilo halikunisumbua: "Amechoka, mzigo wake ni mzito" inamfaa yeyote. Tabu ilianza nilipoongeza Kiingereza kwa ajili ya wageni.

Mwanzoni niliandika "he" kila mahali. Mdogo wangu akacheza kama msichana, alipofika kambi ya Horombo akaniita: "Kaka, mbona wananifanya mwanaume?" Nikabadilisha zote kwa mkupuo ziwe "they". Nikapata "they is tired".

Kilichoniokoa ni mabano ya mraba. Ndani yake unaandika jina la kigeu, yaani kihifadhi cha neno linaloweza kubadilika, na Ren'Py inaweka neno linalofaa sentensi inapotokea kwenye skrini. Kikiwa mwanzoni mwa sentensi, ongeza !c ili herufi ya kwanza iwe kubwa. Ila usidhani kigeu kimoja kinatosha. "Her" moja inashika nafasi ya "him" na ya "his". Mimi ninavyo vitano vya viwakilishi, na cha sita cha "is" na "are". Viandike kwa amri ya default, si define, kwa sababu define ni ya vitu visivyobadilika.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba njia hiyohiyo imenitatulia ngeli. Mpagazi wangu anabeba kisu, kamba na jiko, na hapo Kiswahili ndicho kinachodai: kisu kimepotea, kamba imepotea, jiko limepotea. Nilikuwa naandika sentensi tatu kwa kila tukio! Sasa naandika moja: "[kifaa!c] [kiambishi]mepotea." Mabano yanashikana na neno bila nafasi, na inakubali kabisa. Umiliki una kigeu chake, [mwanzo]angu, maana kisu ni changu, si kiangu.

Programu yenyewe ni ya bure, na gemu inatoka kwa kompyuta na kwa simu za Android.

Wiki hii nimeongeza swali la umri kando ya lile la jinsia. Mzee mpishi wa msafara hajali kama wewe ni binti au kijana wa kiume, anasubiri shikamoo. Mtu mzima mwenzake anamwambia "habari za asubuhi", na mpishi anamjibu "nzuri" badala ya "marahaba".