Fulana ya mirija ya maji ndani ya ovaroli ya dawa: majuma matatu kazini

Kazi yangu ni kunyunyizia dawa ya wadudu katika maghala ya Eneo la Viwanda, Nairobi. Wengi hudhani kwamba mji ulio juu hivi hauwezi kumtesa mtu kwa joto, lakini hao hawajavaa ovaroli isiyopitisha hewa chini ya paa la mabati, saa saba mchana, mwezi wa Februari.

Hapo awali nilinunua fulana ya bei nafuu ambayo huloweshwa maji na kupoza yanapogeuka mvuke. Nje, penye upepo, ilinifaa. Ndani ya ovaroli mvuke ulikosa pa kutokea, nikabaki nimevaa nguo mbichi tu.

Safari hii nilijaribu fulana inayobana mwili, yenye mirija myembamba inayopitisha maji baridi yanayosukumwa na pampu ndogo ya betri kutoka kwenye mfuko wa barafu unaofungwa kiunoni. Ndiyo mbinu ya mavazi yaliyovaliwa Mwezini na wanaanga wa Apollo. Mavazi ya Gemini, mradi wa Marekani wa safari za anga uliotangulia Apollo, yalipozwa kwa hewa, na Juni 1966 Eugene Cernan, akiwa nje ya chombo cha Gemini 9A, alielemewa na joto hadi kioo cha kofia yake kikajaa ukungu. Tofauti ni kwamba mwanaanga hutupa joto lake nje kwa barafu inayogeuka mvuke moja kwa moja katika ombwe, ilhali langu humezwa na barafu niliyobeba, nayo ikiisha, baridi imekwisha.

Hapo ndipo penye hesabu. Kilo 1 ya barafu inapoyeyuka humeza takriban kilojuli 334, na mtu anayeinama na kubeba mtungi hutoa joto la wati 300 hivi; kwa hiyo kilo 2 zilinipa dakika 40, wala sikushangaa. Kilichoniudhi ni kwamba mfuko uko ndani ya ovaroli, hivyo kubadilisha barafu ni kutoka ghalani, kuoshwa dawa, kuvua na kuvaa upya.

Siku ya kwanza nilijaza barafu tupu na maji kidogo, nikijidanganya kwamba baridi zaidi ni bora. Ngozi ilisinyaa na mgongo ukauma, huku kichwa kikiendelea kuwaka, kwa sababu baridi kali hubana mishipa ya damu chini ya ngozi na joto la ndani hukwama. Nilipopunguza kasi ya pampu, hali ikawa nzuri ajabu.

Kiungio kimoja kilivuja juma la pili. Kibano cha chuma kutoka Barabara ya Kirinyaga kilikitibu. Betri haijanisumbua.

Kwa kazi ya nusu saa naivaa bila kusita. Kwa kutwa nzima inahitajika mifuko ya akiba na friza karibu, na kati ya wateja wangu ni wawili tu walio nayo.